Maswali ya Wasomaji: Redio ya Mzee na Simu ya Kijana

Barua za toleo hili zimetoka Mbale, Mubende, Lira na Kampala. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni kwa kiasi gani vyombo vya habari, serikali na imani zetu wenyewe vinatuchorea ulimwengu ambao tunadhani tunauona kwa macho yetu. Barua ndefu tumezifupisha. Maana yake hatukuigusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Mbale. Nyumbani kwangu baba mkwe husikiliza redio ya taifa asubuhi na jioni, na kijana wangu hapati habari ila kwenye simu. Wakati wa uchaguzi walikaa sebule moja, wakazungumzia mji mmoja na siku moja, na ungedhani wanazungumzia nchi mbili. Mzee alisema kulikuwa na utulivu. Kijana alisema kulikuwa na vita. Mimi nilikuwa mjini siku hiyo, nikaona maduka yamefungwa na askari wamesimama njia panda, basi. Wanafunzi wangu wananiuliza kama kuna ukweli wowote au kila mtu ana wake. Niwajibu nini? (Mwalimu, Mbale)

JIBU: Mwalimu, waambie kwamba ukweli upo, na kwamba wewe mwenyewe umeutaja katika barua yako: maduka yalifungwa na askari walisimama njia panda. Hayo yangekuwa vile vile hata kama redio zote zingezimwa. Mzee na kijana walitofautiana katika yaliyoongezwa juu ya hayo na, kwa maoni yangu, zaidi katika yaliyopunguzwa. Uongo wa wazi hauniogopeshi sana, kwa sababu mtu anaweza kuupinga kwa ushahidi. Kinachoniogopesha ni habari ya kweli iliyokatwa nusu, maana ile nusu iliyoachwa haina hata mtu wa kuiulizia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua uko hapa hapa kwetu. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, zilipatikana picha zipatazo 70,000 zikiwa bado katika filamu zake, nyingi zikiwa za utawala wa Idi Amin, uliodumu kuanzia 1971 hadi 1979. Wapiga picha walikuwa watumishi wa wizara ya habari, waliomfuata rais karibu kila alikokwenda. Sehemu ya picha hizo ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, mwaka 2019. Humo unamwona Amin akihutubia, akicheza ngoma, akipokea wageni wa heshima; unaona umati ukishangilia; unaona wafanyabiashara walioshtakiwa kwa magendo na ulanguzi wamepangwa mstari pamoja na bidhaa zao, ili mwananchi aamini kwamba bei ya sukari imepandishwa na watu hao na si na sera za aliyewakamata. Picha hizo si za kughushi. Waliomo walikuwepo, na waliokuwa wakicheka walicheka kweli. Ila mateso na mauaji ya ofisi ya State Research Bureau, idara ya usalama ya Amin, pale Nakasero hayamo, kwa sababu huko mpiga picha wa wizara hakuitwa. Mtu aliyekuwa akizitazama wakati ule angeweza kuapa kwamba ameiona Uganda kwa macho yake, na kiapo chake kisingekuwa cha uongo kabisa.

Serikali, yoyote ile, ina uwezo wa aina mbili juu ya tunachokijua: kusema kwa sauti kubwa kuliko wengine, na kuamua nani asiseme. Uwezo wa kwanza umepungua. Hadi mwaka 1993 mtu wa Mbale aliyetaka habari za redio za humu nchini alikuwa na Radio Uganda peke yake. Mwaka huo mawimbi yakafunguliwa kwa watu binafsi, na leo vituo vyenye leseni vinazidi 200. Uwezo wa pili haukupungua. Wale wenye umri wangu mtakumbuka ebimeeza, mijadala ya Jumamosi ambapo watu walikaa kwenye meza za baa, wakabishana siasa kwa zamu, na redio ikayarusha maneno yao moja kwa moja bila kuyachuja. Yalisemwa mengi ya kipuuzi pale, na mengi ya maana. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizofuata kuzuiwa kwa ziara ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Kayunga, ebimeeza zilipigwa marufuku na vituo vinne vya redio vikafungwa, kikiwemo CBS cha Buganda, ambacho kilinyamaza hadi Oktoba 2010. Halafu zamu ikaja kwa simu. Siku ya uchaguzi ya tarehe 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa; Januari 2021 ilizimwa tena siku mbili kabla ya kura, kisha jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikakatwa, na haikurudi hadi tarehe 18.

Sababu iliyotolewa kila mara ilikuwa usalama na kuzuia uvumi. Mimi naona matokeo yalikuwa kinyume. Mtu asiyeweza kumpigia ndugu yake simu ya video aone kama barabara ya Namirembe ni shwari, atamwamini wa kwanza atakayemwambia kwamba haiko shwari. Kijana wako, Mwalimu, alipozimiwa njia za kawaida bila shaka alitafuta VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kama walivyofanya wenzake wengi, akaingia mahali ambapo video ya mwaka juzi ya nchi nyingine inapita kama habari ya asubuhi ya leo. Kwa hiyo serikali ilipunguza habari za kweli kwa wingi kuliko ilivyopunguza za uongo.

Hata hivyo tusiitwike serikali mzigo wote. Gazeti nalo lina mwenyewe. Serikali ndiyo yenye hisa nyingi zaidi katika kampuni ya Vision, inayotoa New Vision na Bukedde. Daily Monitor ni la kampuni yenye makao Nairobi. Na vituo vingi vya redio vya wilayani ni mali ya wanasiasa au marafiki zao, ambao hawakununua mtambo ili usikie mabaya yao. Kuna pia jambo la bahasha. Mwandishi wa wilayani, anayelipwa kwa habari moja moja, huenda kwenye mkutano ambao mwandalizi wake atampa pesa ya usafiri, na haendi kwenye kijiji ambacho kisima kimekauka, kwa kuwa kisima hakilipi nauli. Hakuna aliyeagiza kisima kifichwe, lakini kimefichika. Na ile simu ya kijana wako haina mhariri hata mmoja unayeweza kumwandikia barua. Programu zake hupima alichokitazama jana na kumletea zaidi ya hicho leo, mpaka anafikiri nchi nzima ina hasira zile zile alizo nazo yeye.

Imani zetu ndizo mlango wa mwisho, na hapa watu wengi hukataa kujichunguza. Mwaka 1951 timu za vyuo vikuu viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, zilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu na watu kuumia. Watafiti wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi, wakawaomba wahesabu makosa. Katika ripoti yao ya mwaka 1954 walieleza kwamba wanafunzi wa Princeton waliona timu ya Dartmouth ikifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth waliyaona kwa timu yao. Hapakuwa na mhariri, hapakuwa na waziri wa habari, hapakuwa na bahasha. Filamu ilikuwa moja, na bado waliona mechi mbili. Yeyote aliyewahi kukaa kibandani kati ya mashabiki wa Arsenal na wa Manchester United hahitaji kusafiri hadi Marekani kuthibitisha hilo.

Darasani fanya hivi: chukua habari moja ya wiki hii, isomwe katika Bukedde, katika New Vision na katika Daily Monitor, na isikilizwe pia kwenye redio ya taifa. Usiwaulize wanafunzi nani amesema kweli. Waulize kila mmoja ameacha nini ambacho mwenzake amekitaja, na katika kila sentensi waamue kama mwandishi aliliona jambo, aliambiwa na aliyeliona, au aliambiwa na aliyeambiwa. Utashangaa jinsi sentensi za aina ya kwanza zilivyo chache. Baba mkwe naye umshirikishe, kwa adabu zake. Wazee waliosikiliza Radio Uganda chini ya serikali tano au sita wanajua kusikia kisichosemwa kuliko sisi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi wilaya ya Mubende. Ebola ilipoingia kwetu mwaka 2022 kaka yangu alisema hakuna ugonjwa, kwamba ni njia ya wakubwa kupata fedha za wazungu, na kwamba wanaopelekwa karantini hutolewa viungo. Tulizika majirani, naye alikuwepo. Hadi leo hajabadilika. Si mjinga, amesoma kunizidi, na kila nikimbishia hunijibu kwamba lisemwalo lipo. Nifanye nini bila kuvunja undugu? (Muuguzi, Mubende)

JIBU: Dada, pole, na asante kwa kazi uliyoifanya wakati ule. Mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022 na kutangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, ukiwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa kwa vipimo, 55 kati yao wakafariki, wakiwemo wahudumu wa afya. Kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, ambacho hakikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Nadhani takwimu hizi kaka yako anazijua. Hazimsogezi kwa sababu mashaka yake hayakuanzia kwenye ugonjwa.

Yalianzia kwenye fedha, na huko ana haki ya kushuku. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ulisimamisha misaada yake kwa Uganda kwa sababu ya usimamizi mbaya, na tume iliyoongozwa na Jaji James Ogoola ilisikiliza hadharani jinsi fedha za dawa zilivyotumika. Watu walisikia ushahidi ule redioni siku baada ya siku. Mtu aliyeyasikia hayo, kisha akaona magari mapya ya misafara yakipita Mubende, ameunganisha mambo mawili. Kosa lake ni moja: wizi wa fedha za dawa hauthibitishi kwamba ugonjwa haupo. Fedha zaweza kuibwa na kirusi kikaua, vyote kwa wiki moja. Mkubalie lile la kwanza waziwazi, tena bila kuuma maneno, ndipo atakapokusikiliza juu ya la pili. Watumishi wa afya wengi hushindwa hapa. Hudhani kwamba wakikubali ubadhirifu uliopita watakuwa wameivunja kampeni, na wakikaa kimya juu yake mwananchi huona kwamba wanaficha na mengine.

Kuhusu methali yake, nina ugomvi nayo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi orodha za maelezo, mengine ya kweli na mengine si ya kweli, mara tatu kwa kuacha wiki mbili kati yake. Maelezo yaliyorudiwa yalizidi kuonekana ya kweli kila yaliporudi, hata yale ya uongo. Lisemwalo sana huanza kuonekana lipo, na pengine lililo nyuma yake ni kusemwa kwake tu.

Lakini usiende kwa kaka yako ukidhani kwamba imani za wenyeji siku zote ni adui wa dawa. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, ikapata watu 425 na kuua 224, akiwemo Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliyefariki tarehe 5 Desemba, wazee wa Kiacholi waliuita ugonjwa ule gemo, tauni inayoletwa na nguvu zisizoonekana. Daktari aliyesikia neno nguvu zisizoonekana angeweza kukata tamaa pale pale. Waliokaa wakasikiliza walikuta kwamba gemo lina kanuni zake za zamani: mgonjwa atengwe katika nyumba yake, nyumba iwekewe alama ya matete ili wageni wasiingie, ahudumiwe na mtu aliyewahi kuugua akapona, ngoma zisimame, watu wapunguze kutembeleana, na aliyepona akae mbali mwezi mzima. Maelezo ya chanzo yalikuwa tofauti kabisa na ya maabara, ilhali mwongozo wa vitendo ulikaribia sana wa madaktari. Kwa hiyo muulize kaka yako swali hili na umwachie siku chache: ni jambo gani, kama angeliona, lingemfanya aseme kwamba ugonjwa ulikuwepo? Akilitaja, mna mahali pa kuanzia. Akisema hakuna, utajua kwamba ubishi wenu si juu ya Ebola, na mtaendelea kula pamoja bila kuuzungumzia.

SWALI: Mimi ni kijana wa Lira ninayesoma Kampala. Kila ninapokutana na wageni kutoka nje, nikisema natoka kaskazini, wananiuliza kama tumeshamkamata Kony, yule kiongozi wa waasi, na kama ni salama kulala nyumbani kwetu. Nimechoka. Wameipata wapi picha hii? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Wengi wao wameipata kwenye video moja. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa iliyoitwa Kony 2012, na katika muda usiotimia wiki ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Nia ilikuwa njema, nami siibezi; lengo lilikuwa mtu anayetafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2005 akamatwe. Ila mtazamaji aliondoka akidhani kwamba vita vinaendelea Gulu usiku ule ule, wakati wapiganaji wa Kony walikuwa wameshaondoka Uganda tangu mwaka 2006 na walikuwa wakiwaumiza watu wa Kongo, wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na wa Sudan Kusini.

Tarehe 13 Machi filamu ile ilionyeshwa mjini kwenu, kwenye uwanja wa wazi, mbele ya maelfu ya watu, wengi wakiwa ni wale wale waliofiwa au kukatwa viungo. Walikuja wakidhani wataona habari zao. Badala yake waliona baba wa Kimarekani akimweleza mtoto wake mdogo habari za mtu mbaya, na sura ya Kony ikibandikwa kwenye mabango na bangili. Hasira zilipanda, mawe yakarushwa, na onyesho likavunjika. Mtu wa Barlonyo, ambako watu zaidi ya 300 waliuawa kwa siku moja Februari 2004, alikuwa na kila sababu ya kuuliza bangili hiyo ni ya nini.

Ukizungumza na wageni wako, waeleze kilichoachwa. Filamu ilisema machache mno juu ya kambi ambazo serikali yetu iliwaamuru watu kuhamia tangu mwaka 1996, zikafika mahali pa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.5, wengi wakifa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Haikugusa ugonjwa wa kutikisa kichwa ambao wakati ule ule ulikuwa ukiwamaliza watoto wa Kitgum na Pader, ugonjwa ambao haukuwa na mtu mbaya wa kubandikwa ukutani. Serikali nayo ilijibu kwa video yake, ambamo Waziri Mkuu wa wakati huo, Amama Mbabazi, aliwaambia walimwengu kwamba Kony hayupo Uganda na kwamba nchi ina amani. Ilikuwa kweli. Kuhusu kambi, hata hivyo, video ile nayo haikuwa chanzo cha kuzijua.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa magari Katwe, nimezaliwa Arua, Kiswahili ni lugha yangu tangu utoto. Wajukuu wangu waliozaliwa Kampala wanaona haya nikiwasemesha Kiswahili mbele ya wenzao. Wanasema ni lugha ya wanajeshi na wezi. Nani aliwatia fikra hii? (Mzee, Katwe)

JIBU: Mzee wangu, fikra hiyo ina umri mkubwa kukuzidi wewe, na ilijengwa na wengi kwa zamu.

Wakoloni waliweka Kiswahili katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, kwa hiyo mwanakijiji wa Buganda alikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi, wamisionari wengi walipinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akaandika hadharani dhidi yake. Kabaka hakuwa akipiga vita msamiati. Wakati ule palikuwa na mpango wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Buganda iliogopa kumezwa na nchi ambayo walowezi wa Kizungu walikuwa na nguvu; Kiswahili kilionekana kama hatua ya kwanza ya kumezwa huko. Hofu ya kisiasa yenye msingi wake ikageuka taratibu kuwa tabia ya kuidharau lugha, na tabia ikabaki baada ya hofu kuondoka.

Baadaye yakaja mambo ambayo wazazi wa wajukuu wako waliyasikia kwa wazazi wao. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika vizuizi vya barabarani vya miaka ile na vya miaka ya themanini mwanzoni, amri ya kushuka garini na kutoa pesa ilitolewa kwa Kiswahili. Makondo, yaani majambazi wenye silaha, nao walipovamia nyumba walikitumia, wakijua kwamba kinatisha. Sitaki kuwaambia waliopitia hayo kwamba hawakuyasikia. Lakini kumbukumbu hii imechagua. Aprili 1979 waliomwondoa Amin, jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa nao, waliingia Kampala wakizungumza Kiswahili, na watu waliwashangilia barabarani kwa lugha hiyo hiyo. Sehemu hii haisimuliwi sana. Soko la Arua, mpaka wa Busia, gereji za Katwe ambako fundi wa Kilugbara humwelekeza fundi wa Kiganda kufungua injini, hayo hayasimuliwi kabisa, kwa kuwa hayana tukio.

Sheria inasema jambo jingine: tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Sidhani kwamba tangazo la serikali litawaondolea wajukuu wako haya, hasa ikikumbukwa kwamba tangazo la 1973 halikufanya hivyo. Mchukue mmoja wao siku ya kazi, akae gereji kutwa, asikie Kiswahili kikitumika kuuliza bei ya pleti za breki na kutaniana wakati wa chakula. Kichwani mwake anayesema Kiswahili ni askari wa kizuizini peke yake, na tangazo la wizara haliwezi kumpa mwingine.

SWALI: Kama uongo una madhara haya yote, kwa nini serikali isiwafunge wanaoueneza, mambo yakaisha? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ilijaribiwa. Kifungu cha 50 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kikiadhibu kuchapisha habari za uongo, na waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa kwacho baada ya gazeti lao kuandika mwaka 1997 kwamba Uganda ililipwa dhahabu na serikali ya Kabila wa Kongo. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ilikifuta, ikieleza kwamba maneno hayapotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mtu mwingine anayaona si ya kweli. Naungana na majaji wale kwa sababu ya kawaida sana: atakayeamua kipi ni uongo, siku ya kesi, ndiye mara nyingi aliyeandikwa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta yanayorudi kuelekea njia ile ile, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria mama kwa kukosa mipaka inayoeleweka.

Sheria ninayotamani itumike zaidi ni nyingine, nayo tunayo tangu 2005. Inaitwa Sheria ya Kupata Habari, na msingi wake ni ibara ya 41 ya Katiba. Raia yeyote anaweza kuiandikia wizara, wilaya au taasisi ya umma akaomba hati iliyo mikononi mwake, mradi haigusi usalama wa nchi au faragha ya mtu. Afisa wa habari wa ofisi hiyo anapaswa kujibu ndani ya siku 21, na kimya chake huhesabiwa kuwa amekataa, hapo ukaweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu. Usiombe "habari zote za barabara yetu". Taja hati unayoitaka, kama mkataba, cheti cha malipo au orodha ya dawa zilizopokelewa, na mwaka wake. Hulazimiki kueleza sababu, kwa maana sheria haikutaki uieleze. Na uondoke na nakala ya barua yako ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kutoka kwenye mhuri huo.